Karl Landsteiner: Mtu aliyefumbua fumbo la damu linalowagusa mama na mtoto hadi Juba

Tarehe 14 Juni kila mwaka ulimwengu huadhimisha Siku ya Wachangia Damu. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ndiyo siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, daktari wa Austria aliyegundua makundi ya damu ya binadamu mwanzoni mwa karne ya 20 na ambaye, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 70, alishiriki kugundua kipengele cha damu kinachoitwa Rh.

Mjini Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, jina lake hutajwa na wachache. Hata hivyo kazi yake hukutana na wakazi wa mji huo kila mjamzito anapochomwa kidole ili kundi lake la damu lijulikane, na kila wachumba wanapokwenda maabara kabla ya kufunga ndoa. Katika jamii nyingi za nchi hiyo mahari hulipwa kwa ng'ombe, na ndoa huhesabiwa kuwa imesimama pale watoto wanapozaliwa na kuishi. Mimba zinapoharibika mfululizo, au vichanga wanapokufa mmoja baada ya mwingine, lawama humwangukia mke mara nyingi. Huambiwa amelaaniwa, amerogwa, au ukoo wake una mkosi, na pengine hurudishwa kwa baba yake huku wazee wakijadili hatima ya ng'ombe.

Landsteiner hakuwahi kuiona Juba. Lakini ndiye aliyeonyesha kwamba baadhi ya misiba hiyo chanzo chake kimo ndani ya damu, kwamba kinaweza kupimwa kwa matone machache, na kwamba hakina mkosaji.

Mtoto wa mhariri

Karl Landsteiner alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Baden, karibu na Vienna, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Leopold, alikuwa mwandishi wa habari mwenye sifa kubwa na mhariri wa gazeti la Die Presse. Alifariki Karl akiwa na umri wa miaka sita tu, na malezi yote yakabaki mikononi mwa mama yake, Fanny.

Mama na mwana waliishi kwa kushikamana sana. Mwaka 1890 wote wawili walibatizwa na kuingia Kanisa Katoliki. Mama huyo alipokufa, Landsteiner alihifadhi kinyago kilichochukua sura ya uso wake, akakitundika ukutani chumbani mwake hadi mwisho wa maisha yake mwenyewe. Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mrefu, mkimya na mwenye haya, asiyependa hadhara, aliyepata faraja katika kupiga piano.

Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1891. Badala ya kufungua chumba cha kutibia wagonjwa kama wenzake wengi, alikwenda kusomea kemia nchini Ujerumani na Uswisi. Mmoja wa walimu wake alikuwa Emil Fischer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya kemia. Uamuzi huo ndio ulioelekeza maisha yake yote. Wakati madaktari wa enzi yake walitazama ugonjwa kwa jicho la tabibu, yeye alijifunza kuutazama mwili kama chombo chenye maada zinazotambuana na kukataana.

Aliporejea Vienna alifanya kazi katika taasisi ya usafi wa afya, kisha akahamia idara ya patholojia ya chuo kikuu mwaka 1898. Kwa miaka kumi iliyofuata alipasua na kuchunguza maiti zaidi ya 3,600. Mchana alikuwa na wafu, na saa zilizobaki alikuwa na vichupa vya damu ya watu walio hai.

Damu ya wenzake mezani

Wakati huo kumwongezea mgonjwa damu ya mtu mwingine kulikuwa kama kamari. Tangu karne ya 17 madaktari wa Ulaya walikuwa wamejaribu, wengine hata kwa damu ya kondoo. Wagonjwa wachache walipona, na wengine walishikwa na homa, maumivu ya mgongo na mkojo mweusi, wakafa. Hakuna aliyejua kwa nini damu ya mtu mmoja iliokoa maisha na ya mwingine ikaua. Wengi walidhani kwamba damu ilishindwa kupatana kwa sababu mmoja wa wale wawili alikuwa mgonjwa.

Landsteiner aliuliza swali lililokuwa rahisi kuliko yote: je, damu za watu wenye afya njema hupatana? Alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa maabara. Akatenganisha chembe nyekundu na seramu, yaani yale majimaji yenye rangi ya manjano yanayobaki damu inapoganda. Kisha akachanganya seramu ya kila mmoja na chembe za kila mwenzake, akaandika matokeo kwenye jedwali.

Katika michanganyiko mingine hapakutokea kitu. Katika mingine chembe zilishikamana mafungu mafungu, kama maziwa yaliyoharibika. Mshikamano huo ulifuata utaratibu. Mwaka 1901 alitangaza kwamba watu hugawanyika katika makundi matatu, akayaita A, B na C. Kundi la C ndilo linaloitwa O leo. Mwaka uliofuata watafiti wengine wawili wa Vienna, Alfred von Decastello na Adriano Sturli, waliongeza kundi la nne lililo adimu zaidi, AB.

Maelezo yake yangali yakifundishwa mashuleni. Chembe nyekundu za mtu wa kundi A zina alama ya A juu yake, na seramu yake ina kingamwili zinazoshambulia B. Wa kundi B ana kinyume chake. Wa AB ana alama zote mbili na hana kingamwili hizo. Wa O hana alama yoyote kati ya hizo, lakini seramu yake hushambulia zote mbili. Damu isiyolingana ikiingia mwilini, kingamwili huziangamiza chembe ngeni, na mgonjwa huweza kufa kwa saa chache.

Sifa zilizochelewa

Ugunduzi huo haukupigiwa vigelegele. Kwa miaka kadhaa madaktari wengi hawakuutilia maanani. Ni mwaka 1907 ambapo Reuben Ottenberg wa hospitali ya Mount Sinai mjini New York alianza kulinganisha damu ya mtoaji na ya mpokeaji kabla ya kumwongezea mgonjwa. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, na njia ya kuizuia damu isigande ilipopatikana, kipimo cha Landsteiner kikawa tofauti kati ya uhai na mauti kwa majeruhi wengi.

Jambo jingine lilijitokeza. Mwaka 1910 Emil von Dungern na Ludwik Hirszfeld walionyesha kwamba makundi ya damu hurithiwa kutoka kwa wazazi kwa kanuni maalumu. Kwa mara ya kwanza sifa ya mwili wa binadamu iliyofichika machoni iliweza kufuatwa kutoka kwa babu hadi mjukuu kwa kipimo cha maabara. Hapo ndipo damu ilipoanza kutumika katika mashauri ya nani ni baba wa mtoto.

Elimu hiyo ingali ikisomwa vibaya katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na ndoa zimetikiswa kwa sababu yake. Mume wa kundi A na mke wa kundi B wanaweza kumpata mtoto wa O bila hila yoyote, kwa kuwa kila mmoja wao huweza kubeba urithi wa O uliofichika. Wazazi wawili wenye Rh chanya wanaweza kumzaa mtoto mwenye Rh hasi. Kadi ya kundi la damu haikuandikwa ili itumike peke yake kumshitaki mwanamke.

Polio, vita na njaa

Kuanzia mwaka 1908 Landsteiner aliongoza idara ya patholojia katika hospitali ya Wilhelminen mjini Vienna. Mwaka huo huo, yeye na Erwin Popper walichukua uti wa mgongo wa mtoto aliyekufa kwa polio, wakaudunga ndani ya nyani, na ugonjwa ukatokea. Walithibitisha kwamba polio husababishwa na kiini kidogo kuliko bakteria, ambacho leo kinajulikana kuwa kirusi. Njia ya kuelekea chanjo ilianzia hapo, ingawa ilichukua takriban nusu karne kuifikia.

Kwa kazi zote hizo mshahara wake ulikuwa mdogo. Alipewa cheo cha profesa mwaka 1911 bila malipo yanayolingana nacho. Alioa akiwa na umri wa miaka 48, mwaka 1916, katikati ya vita. Mkewe alikuwa Helene Wlasto, na mwaka uliofuata walijaliwa mtoto wao wa pekee, Ernst Karl.

Vita vilipokwisha, dola ya Austria na Hungaria ilisambaratika. Vienna ilikumbwa na njaa, baridi na fedha zisizonunua kitu. Utafiti ukasimama. Mwaka 1919 Landsteiner aliichukua familia yake na kukimbilia The Hague nchini Uholanzi, ambako alipata kazi katika hospitali ndogo ya Kikatoliki. Mtu aliyekuwa amebadilisha elimu ya damu duniani alipima mkojo na damu za wagonjwa wa kawaida, na ili kuongeza kipato akafanya kazi pia katika kiwanda kidogo kilichotengeneza tuberkulini, dawa ya kupimia kifua kikuu.

Kwa wasomaji waliowahi kuhama kwa sababu ya vita, sehemu hii ya maisha yake haihitaji ufafanuzi. Wapo madaktari na walimu wa Sudan Kusini waliofika ugenini na vyeti vyao mkobani, wakaanza upya kwa kazi yoyote iliyopatikana.

New York na miaka ya ukimya

Wokovu ulikuja kutoka Marekani. Simon Flexner, mkuu wa Taasisi ya Rockefeller ya Utafiti wa Tiba, alimwalika New York. Landsteiner alifika huko na familia yake mwaka 1923. Miaka hiyo hiyo ya 1920, kwenye ukingo wa Mto Nile Mweupe, utawala wa kikoloni ulikuwa ukiijenga Juba kuwa makao mapya ya jimbo.

New York hakuipenda sana. Kelele zilimchosha, na wageni waliotaka kumwona aliwakwepa. Mwaka 1929 akawa raia wa Marekani. Mwaka 1930 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua makundi ya damu, karibu miaka 30 baada ya jedwali lake la kwanza. Miaka yake mingi huko aliitumia katika kemia ya kinga ya mwili, akichunguza namna kingamwili inavyoweza kutofautisha maada mbili zinazotofautiana kwa kiasi kidogo sana.

Mwaka 1927, pamoja na kijana Philip Levine, aligundua mifumo mingine ya damu, ikiitwa M, N na P. Ilikuwa wazi sasa kwamba damu ina lahaja nyingi kuliko zile nne za mwanzo, na kwamba kipo kitu kingine ambacho hakijapatikana. Wapo wagonjwa waliopewa damu ya kundi lao hasa na bado wakadhurika.

Sungura, nyani na mama aliyepoteza mtoto

Mwaka 1939 Landsteiner alistaafu rasmi, lakini aliendelea kwenda maabara kila siku. Mwaka huo huo Philip Levine na Rufus Stetson walichapisha habari za mwanamke mmoja wa New York. Alikuwa amejifungua mtoto aliyekwisha kufa, akatokwa na damu nyingi, akaongezewa damu ya mumewe. Walikuwa wa kundi moja, lakini mwili wake uliikataa damu hiyo kwa ghadhabu. Levine alihisi kwamba mtoto alikuwa amerithi kitu kutoka kwa baba, na kwamba mwili wa mama ulikuwa umejifunza kukipiga vita wakati wa ujauzito.

Mwaka 1940 Landsteiner na Alexander Wiener walitangaza matokeo ya majaribio mengine. Waliwadunga sungura chembe nyekundu za nyani wa aina ya rhesus, kisha wakachukua seramu ya sungura hao na kuijaribu kwenye damu ya watu. Ilizishikamanisha chembe za takriban watu 85 kati ya kila 100 Weupe wa New York waliopimwa, bila kujali kundi lao la A, B, AB au O. Kitu kilichotambuliwa kikapewa jina kutokana na nyani yule: Rh. Waliokuwa nacho wakaitwa Rh chanya, na wasiokuwa nacho Rh hasi.

Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba alama iliyotambuliwa na seramu ya sungura haikuwa ileile kabisa na iliyomdhuru mama wa New York. Ile ya sungura ikapewa jina LW, herufi za mwanzo za Landsteiner na Wiener. Nani hasa aligundua nini lilibaki kuwa jambo la ugomvi mkali kati ya Levine na Wiener kwa maisha yao yote. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na mwaka 1941 Levine na wenzake walieleza jinsi hali hiyo inavyowaua watoto tumboni.

Maelezo yenyewe ni haya. Mama mwenye Rh hasi akipata mimba kwa mume mwenye Rh chanya, mtoto huweza kurithi Rh chanya. Mtoto wa kwanza kwa kawaida huzaliwa salama. Wakati wa kujifungua, au mimba inapoharibika, damu kidogo ya mtoto huingia katika damu ya mama. Mwili wa mama huiona ngeni na kutengeneza kingamwili. Mimba inayofuata ikiwa ya mtoto mwenye Rh chanya, kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kuzivunja chembe nyekundu za mtoto. Mtoto huishiwa damu, huvimba, huzaliwa na manjano makali yanayoweza kuharibu ubongo, au hufia tumboni. Kila mimba inayofuata huweza kuwa mbaya zaidi.

Mtu asiyelijua hili huona mke aliyezaa mara moja vizuri, kisha akawapoteza wote waliofuata. Ni rahisi kusema kwamba kuna mkono wa mtu.

Asili aliyotaka isisemwe

Wakati huo huo Ulaya aliyotoka ilikuwa ikiungua. Watawala wa Kinazi walikuwa wameigeuza damu kuwa kipimo cha utu. Landsteiner, aliyebatizwa akiwa na umri wa miaka 22, aliogopa sana kutajwa kuwa Myahudi. Mwaka 1937 alikwenda mahakamani nchini Marekani kuzuia kitabu kilichoorodhesha Wayahudi mashuhuri kisilichapishe jina lake, akashindwa. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Wapo walioliona kama woga wa baba aliyejua chuki inaweza kuvuka bahari na kumfikia mwanawe.

Jedwali lake lilikuwa limekwisha kutoa jibu ambalo yeye mwenyewe hakulitumia hadharani. Vipimo vilivyofanywa kwa askari wa mataifa mengi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza vilionyesha kwamba wingi wa makundi hutofautiana kutoka watu hadi watu, lakini makundi ya A, B na O yalipatikana kwa kila taifa lililopimwa. Mgonjwa wa Vienna anaweza kuokolewa na damu ya mtu wa Juba, na akauawa na damu ya ndugu yake wa tumbo moja.

Tarehe 24 Juni 1943, akiwa mezani pake maabara, Landsteiner alishikwa na maradhi ya moyo huku bomba la kioo la kupimia likiwa mkononi. Alifariki siku mbili baadaye akiwa na umri wa miaka 75. Mkewe Helene, aliyekuwa akiugua saratani, alimfuata Desemba ya mwaka huo huo. Aliacha machapisho zaidi ya 340.

Mkondo uliofika Afrika Mashariki

Kazi yake haikukoma naye. Mwanakemia Linus Pauling, aliyekutana naye katika miaka ya 1930 na kuvutiwa na mawazo yake kuhusu kingamwili, aliandika sura katika toleo la kitabu cha Landsteiner lililotoka baada ya kifo chake. Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionyesha kwamba selimundu, ugonjwa unaozipinda chembe nyekundu zikawa na umbo la mundu, hutokana na kasoro katika himoglobini. Ugonjwa wa kurithi ukapata kipimo cha kemia.

Mwaka huo huo wa 1949, kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alisafiri na kundi la watafiti wa Oxford na kukusanya damu za makabila mbalimbali ili kuyalinganisha makundi yao, akifuata njia iliyofunguliwa na Landsteiner. Aliona kwamba kuchukua urithi wa selimundu kulikuwa kwa kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, ambako katika baadhi ya maeneo zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa nao, lakini kulikuwa adimu nyandani juu. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954, baada ya utafiti zaidi Kenya na Uganda, alieleza kwamba mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu urithi huo haukupotea.

Sudan yenyewe haikuwa nje ya habari hizo. Robert Archibald, aliyeongoza maabara ya utafiti ya Wellcome mjini Khartoum, alichapisha taarifa ya mgonjwa wa selimundu nchini humo mwaka 1926, wakati Juba na Khartoum zilikuwa chini ya utawala mmoja.

Hesabu ya selimundu ni tofauti na ya Rh, ingawa zote huanzia kwenye tone la damu. Mtu mwenye urithi wa AS ni mzima na huenda asijue kamwe kwamba anao. Wawili wenye AS wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa, nafasi mbili kati ya nne za mtoto mwenye AS, na moja ya mtoto mwenye AA. Nafasi hiyo huanza upya kila mimba. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakuwahakikishii wazazi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.

Tone la damu mjini Juba

Kiswahili kimeongezeka mjini Juba kwa njia mbili: wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya waliojaa masoko kama Konyo Konyo, na Wasudan Kusini waliorudi kutoka kambi za Kakuma na kaskazini mwa Uganda wakiwa na watoto waliosoma kwa lugha hiyo. Tangu nchi hiyo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lugha hiyo imezidi kupata nafasi. Baadhi ya waliorudi wamekuja pia na desturi ya makanisa na kliniki za nchi jirani ya kuwashauri wachumba wapime damu kabla ya harusi.

Kipimo cha kundi la damu na Rh hakihitaji mashine kubwa. Tone la damu huwekwa juu ya kibao, seramu ya kupimia hudondoshewa, na jicho la mtaalamu huangalia kama chembe zimeshikamana. Ni kipimo kilekile cha Vienna. Katika mji ambao umeme haujawa wa kutegemewa nyumba zote, hilo si jambo dogo. Kipimo cha selimundu cha awali nacho ni rahisi, ingawa kutofautisha AS na SS kwa uhakika huhitaji hatua zaidi.

Ugumu uko kwingine. Watu wenye Rh hasi ni wachache barani Afrika. Ulaya hufikia takriban 15 kati ya 100, na katika jamii nyingi za Kiafrika huwa chini ya mmoja kati ya kumi. Kwa sababu ni wachache, husahaulika. Mama wa Rh hasi akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, kumpata mtoaji anayelingana naye kunaweza kuchukua saa ambazo hana, hasa pale ndugu wa mgonjwa wanapotegemewa kutoa damu.

Tiba ya kuzuia ipo. Mwaka 1968, kutokana na utafiti uliofanywa Uingereza na Marekani, ilianza kutumika sindano ya kingamwili dhidi ya Rh. Mama mwenye Rh hasi huchomwa ndani ya saa 72 baada ya kumzaa mtoto mwenye Rh chanya, na pale inapowezekana karibu na wiki ya 28 ya ujauzito. Huchomwa pia mimba inapoharibika. Sindano hiyo huzifuta chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujajifunza kuzichukia. Hutengenezwa kwa damu ya wachangiaji. Mmoja wao, James Harrison wa Australia, alitoa zaidi ya mara 1,100 katika maisha yake. Lakini sindano haisaidii mama ambaye mwili wake umekwisha kutengeneza kingamwili. Kwa hiyo kujua mapema, kabla ya mimba ya kwanza, ndiko kwenye faida yote.

Kwa wachumba, matokeo ya maabara si hukumu. Tofauti ya Rh haizuii ndoa. Hudai kumbukumbu na sindano kwa wakati wake. AS kwa AS ni mzigo mzito zaidi, na wapo wanaoamua kuachana, na wapo wanaooana wakijua, wakampima mtoto mapema na kumkinga na malaria na maambukizi. Historia ina onyo lake hapa: Pauling mwenyewe, katika miaka ya 1960, alipendekeza wanaochukua urithi wa selimundu wachanjwe alama kwenye paji la uso, wazo lililopingwa na wengi kwa sababu lingewatia watu wazima aibu ya maisha. Siri ya damu ni ya wenyewe, na uamuzi ni wao.

Sura ya Landsteiner iliwahi kuchapishwa kwenye noti ya Austria ya shilingi 1,000, kabla nchi hiyo haijaingia kwenye sarafu ya euro. Noti hiyo hainunui kitu tena. Kadi ndogo ya kliniki yenye herufi moja au mbili na neno chanya au hasi ingali na thamani, na mwanamke anayeibeba anaweza kuiweka mbele ya wakwe zake siku lawama zitakapoanza.